Njia ya juu ya kilima nayo iandikwe

Leo siongelei bei ya kobalti. Wengine wanaiongelea kila siku. Leo naongelea kutembea: kupanda kilima kwa miguu, kufuata mgongo wake toka mwanzo mpaka mwisho, na kuangalia inchi yetu kutoka juu.

Najua kuna watakaocheka. Hapa Kolwezi ukisema unaenda kilimani, na huna jembe wala mfuko wa makala, watu wanakuuliza kama siku hizi umekuwa mzungu. Lakini mama anayetoka alfajiri wakati wa mvua kutafuta uyoga, akapita juu kwa sababu bondeni matope yamejaa, yeye anafanya nini? Watoto wanaopanda kufuata masuku, wazee wanaokwenda kufyeka majani kwenye makaburi, vijana wanaochimba kikanda kwenye uwanda wa nyasi? Wote hao wanatembea kilimani, na walianza mbele ya mtu yeyote kuleta neno utalii. Ila hakuna aliyewahi kuwaandikia kibao.

Tuangalie kwanza tuko wapi. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,400 toka usawa wa bahari, ndiyo maana mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunatetemeka. Uwanda wa Manika, wenye jina moja na komine yetu, ni nyasi na upepo, miti michache. Ukienda upande wa Nzilo, Lualaba inakata vilima na kupita katikati ya mawe, na mbele ya hapo kuna ziwa lililotokea wakati bwawa la umeme lilipojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya migodi. Mto huo ndio Kongo yenyewe ikiwa bado changa. Mtu anaweza kuzaliwa Dilala, akasoma, akaoa, akazeeka, na asiujue mto huo isipokuwa pale barabara inapovuka daraja. Mimi naona hiyo ni hasara.

Halafu kuna vilima vya shaba. Wengi wetu tumezaliwa kando yao na hatujui vinavyoshangaza watu wa mbali. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa miti mingi, kwa hiyo katikati ya pori la miombo unakuta kilima kina upara, kimevaa nyasi na maua tu. Wazee waliokuwa wakiyeyusha shaba, kabla ya kampuni yoyote, walijua kusoma hiyo alama. Kuna ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, na watu wengi wanaliita ua la shaba. Linapenda udongo wenye shaba hata hata wachunguzi wa mambo ya kale walilifuata ili kupata mahali palipokuwa tanuru za mababu. Yaani njia ya mgongo wa kilima kwetu ilikuwa kitabu. Uliipita ukasoma chini kuna nini.

Na ndicho kilichoviponza vilima hivyo. Kilima chenye upara kilikuwa kinajitangaza chenyewe. Angalia Kwatebala, kule kati ya Tenke na Fungurume: ni kilima hicho kilichochimbwa kwanza Tenke Fungurume Mining ilipoanza kutoa shaba mwaka 2009. Leo huwezi kupanda Kwatebala kama zamani, maana kilima kimegeuka shimo. Hapa mjini watoto wanaosema wanapanda mlima, mara nyingi wanapanda reblai, yale malundo ya udongo uliotupwa na migodi. Kutoka mbali yanafanana na vilima kabisa. Mtoto wa Kolwezi anaweza kuchora reblai shuleni akaandika chini yake «mlima», na mwalimu asione kosa.

Sasa hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri. Kabla ya kuchimba Kwatebala na vilima vingine vya pale, kampuni ilifanya mpango wa kuokoa maua. Wataalamu wa chuo cha Gembloux, Ubelgiji, pamoja na watu wa hapa kwetu, walichunguza mimea ya vilima hivyo, wakakusanya mbegu, wakahamisha udongo wenye mimea yake kupeleka mahali pengine. Ni kazi nzuri. Mimea mingine ya pale haioti mahali pengine popote duniani, na ingepotea ingekuwa aibu yetu sote. Silichukii ua. Lakini nauliza swali la mtu wa kawaida: kama ua limeandikiwa daftari lake, kwa nini njia ya watu haina hata mstari mmoja?

Kwa maana nyie mliohamishwa mnajua kinachoandikwa siku wale watu wa orodha wanapofika na kalamu. Wanauliza nyumba ina vyumba vingapi. Matofali yamechomwa au ni ya udongo? Bati au majani? Wanapima shamba, wanahesabu miembe na migomba. Kisha unatia sahihi, mara nyingi kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo hukupewa muda wa kuisoma. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na familia zikaondoka. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti yao juu ya familia zilizoondolewa Kolwezi na kandokando, wakaeleza fidia zisizotosha na watu kutoshirikishwa vya kutosha. Ukisoma hayo yote, utaona ugomvi ni juu ya nyumba na pesa, na ni haki iwe hivyo, mtu kwanza anatafuta pa kulala. Lakini muulize mama aliyehamishwa anakosa nini. Baada ya nyumba atakuambia: mahali pa uyoga, kisima, kaburi la mama mkwe, na ile njia ya kupita juu kwenda kwa dada yake. Sasa ukuta umekatiza, na safari ya kutembea imekuwa safari ya pikipiki, franka mkononi kwenda na kurudi. Hiyo pikipiki hakuna aliyeiandika kwenye fidia.

Wenye kusoma sheria watasema: ardhi ni ya Serikali. Ni kweli, tunajua hivyo tangu sheria ya Bakajika ya 1966 na ile ya ardhi ya 1973. Lakini sheria hiyo hiyo ya madini inataja mahali ambapo mwenye kibali hawezi kukalia bila ruhusa ya wakubwa wanaohusika: makaburi yamo, masalia ya kale yamo, mabarabara yamo. Tatizo ni kwamba kijinjia cha miguu hakiitwi barabara. Hakina namba, hakina ramani. Njia iliyopitwa na vizazi vitano inahesabiwa kama majani yaliyokanyagwa. Basi dawa yake ni kuiandika kabla kibali hakijafika, maana baada ya ukuta kusimama utakuwa unaongea na mlinzi, na mlinzi naye ni mtoto wa watu, kazi yake ni kukuambia rudi.

Kuna kaka mmoja tulibishana naye sana juu ya jambo hili. Aliniambia: «Watu hawana bukari, wewe unaleta habari ya matembezi.» Nilimheshimu kwa neno hilo, kwa sababu hakuwa anacheza. Lakini nilimwambia kwamba hao hao wasio na bukari ndio wanaoishi kwa kilima. Mwenye pesa akitaka hewa safi anapanda gari mpaka kando ya ziwa, anaagiza samaki, anarudi jioni. Asiye na pesa ana miguu tu, na akifungiwa njia amefungiwa soko, mboga na matembezi yake, vyote mara moja. Hakukubali yote. Alisema vijana wanahitaji kazi. Sawa: njia yenye alama inahitaji wa kuifyeka, wa kuilinda isiungue mwezi wa nane wakati kila mtu anachoma majani, na wa kuongoza wageni. Si kazi elfu, nisiwadanganye. Lakini inaweza kuwa kazi za watu wa kijiji chenyewe.

Pesa zitoke wapi? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema katika kodi ya redevansi asilimia 15 ni ya komine, sekta au shefferi ambako mgodi uko, na asilimia 25 ni ya jimbo. Tena kila kampuni inapaswa kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Kufyeka njia, kuweka mawe yaliyopakwa rangi, daraja la mbao juu ya kijito, ni gharama ndogo sana mbele ya pesa hizo. Gharama kubwa zaidi ni kuamua. Namwomba Mheshimiwa Gavana, na Meya wa mji, waanze na njia moja tu, upande wa Nzilo au kwenye uwanda wa Manika, ambako watu wanapita hata sasa. Wakae na machefu wa vijiji, wapite nayo kwa miguu, waichore kwenye ramani ya jimbo. Na kila orodha ya uhamisho itakayofuata iwe na ukurasa wa njia, visima na makaburi, na iseme familia zitapita wapi kufika huko baada ya ukuta.

Kwa sasa, kwa wale wanaopenda kutembea siku ya Mungu baada ya misa au ibada, maneno machache. Msiwaache watoto wapande reblai. Udongo ule haukushindiliwa, unaporomoka hata bila mvua. Msinywe maji ya vijito vinavyotoka upande wa migodi, hata yakionekana meupe. Pitieni kwa chefu wa kijiji mumsalimie kwanza, mna njaa ya kupanda lakini salamu haichukui dakika tano. Na mbebe vitambulisho vyenu vya mpiga kura, maana siku hizi mtu anayetembea bila sababu anaweza kuhesabiwa mwizi wa madini.

Nanyi mliohamishwa, nina ombi moja kwenu. Andikeni. Chukueni daftari la mtoto wa shule, muulizeni mzee aliyebaki: kilima kile kiliitwaje kabla ya kupewa jina la kibali? Njia ilianzia wapi, ikapita mti gani, ikatokea kwa nani? Makaburi ni mangapi na ya nani? Pigeni picha ya ukurasa, kopi moja ibaki kwenu, nyingine mpeleke kwa chefu wa kartie, mwombe aweke muhuri na tarehe. Kama familia kumi za mahali pamoja zina daftari lenye majina yale yale, siku watu wa orodha watakapokuja tena, au siku mtakapoitwa mbele ya kamisheni, mtakuwa na karatasi ya kuweka mezani kando ya ile ya Kifaransa.