Mti Uliopandwa na Wengi Ni wa Nani?



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi habari ambayo kwa haraka yaweza kuonekana kuwa ni ya wafanyabiashara na wataalamu wa maabara, wala haituhusu sisi tuliokaa parokiani. Ni habari ya kampuni moja ya Marekani iitwayo Moderna, iliyokua kwa kasi ya ajabu kwa sababu ya chanjo yake dhidi ya UVIKO-19. Tumeona yafaa kuiandika kwa kuwa wengi wetu bado twaukumbuka mwaka 2021. Twakumbuka jinsi misiba ilivyofuatana, jinsi tulivyosimama makaburini mara nyingi kuliko tulivyozoea, na jinsi wazee wetu walivyotusubiri nje ya kanisa baada ya Misa na kutuuliza: "Padre, hiyo chanjo tunayoisikia redioni itatufikia lini?" Hatukuwa na jibu. Leo, miaka kadhaa baadaye, twaona kwamba swali lile lingali likidai jibu.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2010 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Wazo lake lilikuwa hili: ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna ujumbe mfupi, unaoitwa mRNA kwa lugha ya wataalamu, unaoiagiza chembe itengeneze protini fulani. Iwapo binadamu ataweza kuandika ujumbe wa namna hiyo mwenyewe na kuufikisha salama ndani ya chembe, mwili utatengeneza kipande kidogo cha kirusi kisichoweza kuudhuru, kisha utajifunza kupambana nacho kabla adui halisi hajafika. Ujumbe wenyewe hauingii katika kiini cha chembe mnamokaa vinasaba vyetu, na baada ya muda mfupi mwili huuvunja ukapotea. Hii ndiyo chanjo ya mRNA.

Kwa muda wa miaka kumi kampuni hiyo haikuwa na dawa wala chanjo hata moja iliyoruhusiwa kuuzwa. Hata hivyo, ilipoingia katika soko la hisa mwezi Desemba 2018, ilikusanya zaidi ya dola milioni 600, kwani watu waliiamini ahadi yake. Mwaka 2019 mapato yake yote yalikuwa dola milioni 60 hivi. Ndipo ulipozuka ugonjwa. Wanasayansi wa China walitangaza muundo wa kirusi kipya mnamo Januari 2020. Siku chache tu baadaye, tarehe 13 Januari, mchoro wa chanjo ulikuwa tayari. Tarehe 16 Machi mtu wa kwanza aliyejitolea alichomwa sindano ya majaribio mjini Seattle. Na tarehe 18 Desemba mwaka huohuo serikali ya Marekani iliiruhusu chanjo hiyo itumike kwa dharura. Mwaka 2021 mapato ya kampuni yalifika dola bilioni 18.5, yaani zaidi ya mara mia tatu ya yale ya mwaka 2019, na faida yake ilikuwa dola bilioni 12.

Hatuna budi kukiri kwamba hiyo ni kazi kubwa, nayo iliokoa maisha ya watu wengi. Waliothubutu kuweka mtaji wao mahali ambapo wengine waliona kiza tupu wanastahili haki yao, wala hatuandiki makala haya ili kuilaani faida. Mtenda kazi anastahili ujira wake. Lakini yafaa tuulize: mtenda kazi ni nani hapa? Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na mti huu ulipandwa na mikono mingi.

Kwanza, ugunduzi uliozifanya chanjo hizi ziwezekane haukuzaliwa ndani ya kampuni hiyo. Ulitoka katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako Katalin Karikó, mwanamke mhamiaji kutoka Hungaria, pamoja na mwenzake Drew Weissman, walionyesha mwaka 2005 namna ya kuubadili ujumbe huo ili mwili usiushambulie. Mama huyo alikuwa ameshushwa cheo chuoni mwaka 1995, kwa kuwa wenye fedha za utafiti hawakuiona faida ya kazi yake. Mwaka 2023 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Pili, chanjo yenyewe ilibuniwa kwa ushirikiano na wanasayansi wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, na baadaye kampuni iliilipa taasisi hiyo dola milioni 400 kwa ajili ya ujuzi uliotoka kwake. Tatu, serikali hiyo ilitoa karibu dola bilioni moja kutoka katika kodi za wananchi ili kugharimia matayarisho na majaribio, kisha ikaagiza dozi milioni 100 kwa dola bilioni 1.5 kabla chanjo haijaruhusiwa. Nne, watu wapatao 30,000 waliitoa miili yao ijaribiwe, nusu yao wakichomwa chanjo na nusu wakichomwa maji ya chumvi, bila kujua wamepata kipi.

Je, tunda la mti wa namna hiyo ni mali ya nani?

Mwaka 2021 jibu lilionekana kwa macho. Nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kununua dozi kabla hazijatengenezwa, nyingine zikiagiza kuliko idadi ya watu wake. Mwezi Mei mwaka huo kampuni ilikubaliana na mpango wa kimataifa wa COVAX kwamba ingeuuzia mpango huo hadi dozi milioni 500, lakini kati ya hizo ni milioni 34 tu zilizopangwa kutolewa mwaka huohuo, tena katika miezi mitatu ya mwisho. Nyingine zote zilipangiwa mwaka uliofuata. Kwa mzee aliyekuwa akikohoa kijijini, mwaka uliofuata ulikuwa mbali mno.

Tuseme ukweli wote, kwa maana ukimnyoshea mwenzio kidole kimoja, vitatu hukuelekea wewe. Hapa kwetu Tanzania maaskofu wetu walitoa tahadhari mapema mwaka 2021, ilhali viongozi wa nchi wa wakati ule walikuwa wakizikataa chanjo. Dozi za kwanza za mpango wa COVAX, nazo zilikuwa za kampuni nyingine, zilifika mwezi Julai. Zilipofika, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kujazwa uvumi masikioni. Kwa hiyo tulicheleweshwa na wengine, nasi tukajichelewesha wenyewe.

Katika mambo haya Kanisa halikukaa kimya. Tarehe 21 Desemba 2020, Idara ya Mafundisho ya Imani mjini Roma ilitoa waraka mfupi kuhusu chanjo hizi. Waamini wengi waliijua sehemu yake moja tu, ile iliyojibu swali la chembe zilizotokana na mimba zilizotolewa miaka mingi iliyopita na kutumiwa katika maabara. Waraka ulieleza kwamba, pale ambapo hapakuwa na chanjo nyingine isiyo na dosari hiyo, ilikuwa halali kuzipokea. Sehemu hiyo ilijadiliwa sana. Lakini waraka huohuo ulisema pia kwamba watengenezaji wa dawa, serikali na mashirika ya kimataifa wanao wajibu wa kimaadili wa kuhakikisha kwamba chanjo zinazifikia hata nchi maskini, bila kuzielemea kwa gharama. Sehemu hii tuliisoma haraka tukaipita. Hata kabla ya hapo, mwaka 2009, Papa Benedikto wa Kumi na Sita alikwisha kuonya katika waraka wake *Caritas in Veritate* kwamba nchi tajiri zaweza kuulinda ujuzi kwa ukali uliopita kiasi kwa njia ya hataza, hasa katika mambo ya afya.

Kampuni iliahidi mwezi Oktoba 2020 kwamba haingemshtaki yeyote atakayetumia hataza zake za chanjo hiyo wakati wa janga. Twaishukuru kwa hilo. Hata hivyo, hataza ni kama orodha ya viungo bila mpishi: ujuzi wa kupika ulibaki jikoni kwake. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kituo cha kujifunzia chanjo za mRNA mjini Cape Town mwaka 2021, wanasayansi wa Afrika Kusini walilazimika kuiiga chanjo hiyo kwa kutumia maandishi yaliyokuwa wazi kwa watu wote, bila msaada wa kampuni. Na mwanzoni mwa 2022 walifanikiwa, ingawa kwa kiasi kidogo cha maabara.

Ndipo ilipokuja habari njema kwa majirani zetu. Mwezi Machi 2022 kampuni ilitangaza kwamba ingejenga kiwanda nchini Kenya kwa gharama ya hadi dola milioni 500, chenye uwezo wa kutoa dozi milioni 500 kwa mwaka. Tulifurahi pamoja na ndugu zetu Wakenya, kwa kuwa bara letu hutengeneza chini ya asilimia moja ya chanjo linazotumia. Lakini mwezi Aprili 2024 kampuni ilitangaza kuusimamisha mpango huo. Ilieleza kwamba tangu 2022 haikupokea maagizo yoyote ya chanjo kwa ajili ya Afrika, na kwamba maagizo ya awali yaliyofutwa yaliisababishia hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa kilijibu kwa uchungu kwamba si haki kuilaumu Afrika kwa kukosa hamu ya kitu ilichonyimwa kilipohitajika.

Hebu tuifuate hoja hii hatua kwa hatua. Dozi zilichelewa. Kwa kuwa zilichelewa, watu wengi walikuwa wamekwisha kuugua na kupona, au kufa. Kwa kuwa hofu ilikuwa imepungua, maagizo yalifutwa. Kwa kuwa maagizo yalifutwa, kiwanda hakikujengwa. Na kwa kuwa kiwanda hakikujengwa, siku litakapokuja janga jingine tutakuwa mwisho wa foleni tena. Katika mnyororo huo hatumwoni mtu mmoja aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alifuata hesabu za daftari lake, na jumla ya hesabu hizo ikawa ni mauti ya maskini.

Wapo watakaosema kwamba kampuni si shirika la hisani, nayo isipopata wateja hufa. Wasema kweli. Na kwa sababu hiyohiyo maoni yetu ni kwamba afya ya watu haiwezi kuachwa ining'inie kwenye daftari la kampuni, hata iwe kampuni njema namna gani. Moderna yenyewe imeuonja ukweli huo. Mapato yake yalishuka hadi dola bilioni 6.8 mwaka 2023, na bilioni 3.2 mwaka 2024. Mwezi Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kufuta miradi 22 ya chanjo za mRNA, yenye thamani ya karibu dola milioni 500, iliyohusisha kampuni na taasisi mbalimbali. Mti uliomwagiliwa na mkono wa umma hunyauka mkono huo ukiondolewa.

Basi, tufanyeje? Twaona mambo matatu. La kwanza, serikali inayotoa fedha za wananchi kwa ajili ya utafiti iweke sharti tangu mwanzo, kwamba ujuzi utakaopatikana utafundishwa, na kwamba sehemu ya dozi itawafikia maskini kwa wakati. Ni rahisi kuweka sharti kabla ya kutoa hela kuliko kuomba huruma baada ya kuitoa. La pili, nchi zetu zijifunze kununua chanjo za viwanda vya Afrika hata pale bei inapozidi kidogo, kwa maana kiwanda huishi kwa maagizo wala hakiishi kwa hotuba. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zake ifikapo mwaka 2040. Mwezi Juni 2024 shirika la Gavi lilizindua mfuko wa hadi dola bilioni 1.2 wa kuwasaidia watengenezaji wa Afrika, na mjini Kigali kampuni ya BioNTech ya Ujerumani ilizindua majengo ya kiwanda chake mwezi Desemba 2023. Milango iko wazi, tusiiache ijifunge. La tatu latuhusu sisi wenyewe: tuwapeleke watoto kliniki kupata chanjo zao, tuukatae uvumi, tuwasomeshe vijana wetu wenye vipaji vya sayansi. Hakuna kiwanda kitakachoweza kusimama mahali ambapo watu hawaiamini sindano.

Wapendwa, hivi leo kampuni hiyo, ikishirikiana na kampuni ya Merck, inaendelea kuijaribu chanjo ya mRNA ya kutibu aina moja ya saratani ya ngozi, inayoandaliwa kwa ajili ya kila mgonjwa peke yake. Tuombe ifanikiwe. Lakini foleni ya kesho inapangwa leo, na wazee wetu wangali wamesimama nje ya kanisa wakiuliza, "Padre, itatufikia lini?" Tusingoje mpaka misiba ifuatane tena ndipo tuanze kutafuta jibu.