Mjumbe Hauawi

Mwezi huu naanza kwa kuungama. Kwa wiki mbili nzima mke wangu aliniambia, "Baba Neema, breki zimekuwa ngumu, nakanyaga mpaka mguu unauma." Nikacheka. Nikamwambia ni hivyo viatu vyake vya mchuchumio.

Kisha taa ya injini ikawaka. Mbio kwa fundi wa jirani. Akachomeka mashine, ikasoma P0556, yaani vipimo vya sensa ya busta ya breki havieleweki. "Sensa imekufa, bosi." Tukafunga mpya, taa ikazimwa, nikalipa. Siku tatu baadaye, taa hiyoo, imerudi!

Kumbe sikujua kazi ya kile kidude. Busta ni lile duara kubwa lililo kati ya pedali na masta silinda. Injini hufyonza hewa ya ndani yake kupitia mpira, na mvuto huo ndio unaokusaidia kukanyaga. Sensa haifungi breki. Inapima tu mvuto na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari.

Fundi wa pili, mzee mmoja mtaratibu, hakuanza na mashine. Alianza na mke wangu: "Mama, ukikanyaga unasikiaje?" Akamwomba azime injini, akanyage breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, aishikilie hapohapo, kisha awashe gari. Pedali ikizama kidogo, busta inapata mvuto. Yetu iligoma kama jiwe. Mzee akatega sikio chini ya boneti: ssss! Mpira umepasuka. Sensa ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo.

Je, ingezama? Mzee alisema angegeukia umeme: plagi yenye kutu, waya uliokatika, na kama volti 5 zinaifikia sensa. Sensa yenyewe hubadilishwa mwisho, si mwanzo.

Sasa sikiliza kwa makini. Pedali ikiwa ngumu ghafla, usiendelee na safari. Ukiwa barabarani, kanyaga kwa nguvu zako zote na ushikilie, usipige pampu. Breki bado zinashika, ila gari litachukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Weka pembeni, ita gari la kuvuta.

Ule mpira haukufika hata robo ya bei ya sensa niliyonunua bure. Lakini kilichoninyima usingizi si pesa. Wiki zote zile, kila asubuhi, mke wangu alikuwa akimpeleka Neema shule na gari lile lile, huku mimi nikitania viatu vyake.

Nyumba yangu ilikuwa na wajumbe wawili. Mmoja nilimng'oa, mwingine nilimcheka, na wote walikuwa sahihi. Mwenzio akikwambia leo kuna kitu kimekuwa kigumu, kiwe cha gari au cha ndani ya nyumba, chukua funguo, ukakanyage mwenyewe.

Tukutane mwezi ujao!