Magendo Si Wizi

Yako mazoea mabaya yanayoenea katika insha za wanafunzi, na hata katika vinywa vya sisi walimu: kuyatumia maneno wizi na magendo kana kwamba maana yake ni moja. Twayapinga mazoea hayo.

Kuiba ni kuchukua mali ya mwingine pasipo idhini yake. Ndiyo maana kitenzi hiki huzaa kuibia, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Amemwibia nani?" Magendo ni biashara ifanywayo kinyume cha sheria, mali yaweza kuwa ya mwenyewe kwa jasho lake, kosa likawa katika njia iliyopitiwa na ushuru uliokwepwa.

Tuitazame Busia na Tororo. Jalidi ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda mno duniani. Mkulima wa Uganda, chini ya Idi Amin, alilazimishwa na sheria auze kwa bodi ya serikali kwa bei ndogo. Kahawa nyingi ikavushwa mpaka kuingia Kenya, hata soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likavuma. Mkulima aliyevusha gunia alilolilima kwa jembe lake, alimwibia nani? Sheria aliivunja, hilo hatulikani. Lakini mwizi hakuwa.

Wapo watakaojibu kwamba aliliibia taifa. Kukwepa ushuru kuna jina lake, nalo latosha. Tena, askari aliyemkuta njiani akalitwaa gunia kwa mtutu wa bunduki na kwenda kuliuza mwenyewe, yeye tumwiteje? Huyo alinyang'anya. Yote mawili yakiitwa magendo, mnyang'anyi husitirika; yote mawili yakiitwa wizi, mnyonge huchafuliwa.

Jambo hili halikwisha na Amin mwaka 1979. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Busia mwaka 2018, na bado mama avushaye kilo chache za sukari kwa njia za panya huitwa mwizi, ilhali anayemnyang'anya sukari hiyo bila stakabadhi husemwa "amechukua" tu.

Walimu wenzetu, mwanafunzi aandikapo "mwizi", mwulizeni swali hilo la sarufi: amemwibia nani? Akikosa jibu, na atafute neno jingine. Kiswahili hakikumnyima.