Tarakilishi na Jina la Mnyama

Mwezi wa Januari mwaka 2016, mamia ya watu wa kujitolea walitawanyika Laikipia, Samburu, Isiolo, Marsabit na Meru kumhesabu punda milia wa Grevy. Walibeba kamera zinazorekodi mahali kila picha ilipopigwa. Milia ya mnyama huyu haifanani na ya mwenziwe, mithili ya alama za vidole vya binadamu. Kwa hiyo tarakilishi zilimtambua kila mmoja kwa picha ya ubavu wake wa kulia, asihesabiwe mara mbili. Ikakadiriwa kwamba walikuwako 2,350 hivi, ilhali mwishoni mwa miaka ya 1970 duniani walikuwako wapatao 15,000.

Siibezi teknolojia hiyo hata kidogo. Hifadhi isiyojua idadi ya wanyama wake ni sawa na duka lisilo na daftari. Hata hivyo, mimi ni mwanaisimu, nami nalitazama jambo hili kwa jicho la lugha.

Jina lililomo katika tarakilishi ni la Jules Grévy, Rais wa Ufaransa, ambaye mnyama huyu aliitwa kwa jina lake mwaka 1882. Wasamburu humwita loiborkurum, yaani mwenye makalio meupe. Jina la kwanza latueleza habari za Paris. La pili latuonyesha mnyama mwenyewe.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Picha hutuambia punda milia wako wangapi na wako wapi. Haituambii kwamba kisima fulani kilizungushiwa miiba usiku, mnyama akakosa maji na mtoto wake akafa kwa kiu. Ajuaye hayo ni mchungaji, naye huyasema kwa Kisamburu, Kirendile au Kiborana. Fomu isiyo na nafasi ya maneno yake huyapoteza maarifa hayo, na wasimamizi wa hifadhi hukata shauri wakiwa na nusu ya habari.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ikaitaka serikali izikuze lugha za wananchi. Basi programu za kuhesabia wanyama na ziandaliwe kwa lugha hizo, na matokeo yasomwe barazani, si katika warsha za hotelini pekee. Wanyamapori wetu wengi huishi nje ya mbuga, malishoni mwa watu. Mchungaji asiyerudishiwa habari aliyoitoa leo, kesho hatatoa nyingine.