Mwani Usiishie Magunini

Mwaka 2006 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Uamuzi ule ulikuwa wa busara na hatuna budi kuupongeza. Lakini marufuku peke yake haifungi chakula. Muuza urojo, muuza halua na muuza samaki, kila mmoja anahitaji kitu cha kumfungia mteja wake, na asipopatiwa kilicho bora atairejea nailoni kwa siri.

Wazee wetu walitia halua katika vikapu vya miyaa na maembe katika pakacha. Vyote hivyo vilirudi ardhini bila ya kuacha madhara. Leo tunalo zao jingine. Tangu mwaka 1989 mwani umekuwa ukilimwa kibiashara katika pwani zetu, na wengi wa wakulima wake ni akina mama. Ndani yake mna karajinani, utomvu ambao ukichemshwa, ukatandazwa na kukaushwa, hugeuka utando mwembamba wa kufungia chakula kikavu, na ukitupwa huoza. Huko Uingereza na Indonesia yapo makampuni yanayotengeneza vifungashio vya mwani. Sisi tunaouvuna tungali tunausafirisha kwa magunia, kwa bei aitakayo mnunuzi.

Hatusemi kuwa kazi hii ni nyepesi. Utando wa mwani hunyonya maji, kwa hiyo haufai kwa mchuzi. Aidha, kotonii, mwani utoao utando madhubuti zaidi, hudhoofika joto la bahari linapopanda. Hayo ndiyo maswali ambayo Taasisi ya Sayansi za Bahari na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar vinastahili kupewa fedha na muda wa kuyajibu.

Wakati huo huo tunawatanabahisha wakuu wa bandari na wa viwango kwamba si kila kilichoandikwa kuwa huoza kinaoza. Plastiki itokanayo na wanga wa mahindi huhitaji mtambo wenye joto la nyuzi 60 hivi ili ioze upesi. Ikiangukia baharini hukaa miaka. Kuipokea bila ya kuipima ni kuibadilisha taka jina tu.

Tunatoa wito kwa Wizara zinazohusika zikae pamoja na wakulima, wapishi na wataalamu, na zianze na vifungashio vya viungo na vya biskuti, ambavyo mwani unaviweza. Bahari ni amana tuliyokabidhiwa. Mama wa Paje anayeinama majini kila yanapokupwa anastahili kuona jasho lake likirudi sokoni likiwa bidhaa ya Visiwani.