Waja Leo, Waondoka Leo

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kwa niaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Miche ilipitia Hamburg, na ilipofika pwani yetu iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 ukaenea mkonge wa Muheza, Korogwe na kwingineko, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ikawa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Leo Hindorf tungemwita mshauri elekezi, na jina lake ndilo lililobaki vitabuni. Mimi huwafikiria zaidi wale waliokuja baadaye wakakaa. Kituo cha utafiti cha Mlingano, pale Ngomeni, kilianza mwaka 1934, na watu wake walipima majani, wakaandika, wakapima tena, msimu baada ya msimu. Kazi ya vituo vya utafiti vya Amani na Mlingano ndiyo iliyotupa mkonge chotara ambao jina lake ni namba tu, 11648. Wachina wanaupanda mpaka leo. Namba hiyo haikupatikana kwenye warsha ya siku tatu.

Nayasema haya kwa sababu toleo hili linahusu wakuu wa TEHAMA: waliofika juu katika benki, kampuni za simu na idara za serikali, kisha wakaacha ajira na kugeuka washauri elekezi. Wahandisi wenzao wamewekewa utaratibu; Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina daraja la mhandisi mshauri, na hulifikii bila kuwa na miaka ya kazi nyuma yako. Katika TEHAMA mambo ni malegevu zaidi. Mtu hulala meneja akaamka mshauri.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuandika muhtasari wa warsha katika hoteli moja ya Raskazone. Mtoa mada alikuwa mtoto wa Ngamiani aliyepata kuwa mkuu wa mifumo katika taasisi kubwa huko Dar es Salaam. Kazi anaijua, hilo silikanushi. Alieleza kwa nini mfumo wa ankara wa wenyeji wetu hukwama kila mwisho wa mwezi: seva imezidiwa, nakala rudufu hazichukuliwi, na aliyeujenga mfumo hakuacha maelezo yoyote ya maandishi. Wakati wa chai kijana wa kitengo cha TEHAMA alinisogelea, andazi mkononi.

“Shikamoo mzee. Hayo yote nilimwandikia bosi mwaka juzi.”

Sikumsadiki. Kesho yake akaniletea nakala ya barua. Mambo yalikuwa yale yale matatu, na kwa mpangilio ule ule.

Ningeweza kumcheka mshauri, na wasomaji wengi wangefurahi. Lakini jioni, tukikitazama kisiwa cha Toten, nilimwonesha barua ile. Akaisoma polepole, akaikunja. “Mimi nami niliandika nyingi za namna hii nilipokuwa mwajiriwa,” akasema. “Niliacha kazi ili nisikilizwe, bwana.”

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba wakuu hawa huacha ajira kwa tamaa ya fedha tu. Fedha zimo, bila shaka. Ila tazama ngazi tulizowawekea: fundi hodari wa mifumo akipandishwa cheo anakuwa mtia saini wa fomu za likizo. Akitaka kubaki na kazi anayoipenda, njia iliyo wazi ni kutoka nje na kurudi na ankara. Neno lake tulilipata kwa mshahara tukaliita malalamiko. Sasa tunalilipia mara kumi, nalo tunalipigia makofi.

Wapo walioshika njia nyingine. Dkt. Jabiri Bakari alitoka Chuo Kikuu Huria akaiongoza Wakala ya Serikali Mtandao tangu ilipoanzishwa mwaka 2012, kisha akaenda kuiongoza mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kila unapolipa kwa kontro namba unatumia GePG, mfumo uliojengwa na wataalamu wa Wizara ya Fedha wenyewe. NeST, mfumo ambao taasisi za umma hufanyia manunuzi tangu Oktoba 2023, nao ni kazi ya mikono ya hapa nchini. Mifumo hiyo ina kero zake. Mzabuni yeyote wa Tanga atakusimulia moja kabla hujakaa. Lakini ikikwama, aliyeiandika yuko ofisini.

Sisemi washauri wasije. Bandari yetu imechimbwa kina, meli zilizokuwa zikipakulia kwenye matishari sasa zinafunga gatini, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani. Kazi hizi zitaleta mifumo, na mifumo italeta wageni. Ninachotaka kiandikwe kwenye hadidu za rejea ni kimoja: malipo ya mwisho yasitoke mpaka vijana wa ofisi husika wafunge hesabu za mwisho wa mwezi peke yao, mshauri akiwa ameketi pembeni, mikono mifukoni. Atakayelalamika kwamba hilo linamchelewesha atakuwa amejieleza vya kutosha.

Watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kila mtu ana tafsiri yake. Wengine huapa kwamba ni kejeli, kwani anayekuja kwa siku moja hunogewa akahamia. Kwa washauri elekezi, naona, msemo umebaki na maana ya juu juu.

Wiki tuliyokuwa tukifunga kurasa hizi nilipigiwa simu na yule kijana wa andazi. Ameacha ajira, amepanga ofisi Dodoma, na ameshinda zabuni yake ya kwanza ya ushauri. Mteja ni taasisi ile ile aliyoiacha.

“Shikamoo mzee. Naja Tanga Jumatatu, siku tatu.”

“Marahaba, mwanangu,” nikamjibu, kisha nikamuuliza kama bado anayo ile barua.