Ghuba Inaajiri Pasipoti

Kijana wa Mabanga, mjini Goma, anayesoma Kiingereza jioni ana sababu nzuri. Tangu MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, iingie Kongo mwaka 1999 na mashirika ya misaada yakajaa Goma, lugha hiyo imekuwa mshahara: mkalimani, dereva, mtunza bohari, wote hupimwa kwayo. Kisha ikaja Januari 2025. Waasi wa M23 wakauteka mji, uwanja wa ndege ukafungwa, benki nazo zikafunga, na mwaka huohuo Marekani ikakata misaada yake. Mtu aliyefungiwa hivyo akisikia habari za kufundisha Kiingereza Dubai au Doha, atakosaje kutega sikio?

Habari hizo, jinsi mawakala wanavyoziuza, naziona ni hasara tupu. Matangazo mengi ya shule za Ghuba hutaka mwalimu mzawa wa lugha, kisha huuhesabu uzawa huo kwa nchi: Uingereza, Ireland, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, mara nyingi na Afrika Kusini. Pasipoti hutazamwa kabla ya matamshi kusikika. Mkongomani aliyehamia Marekani kama mkimbizi akapata uraia anaingia kwenye hesabu hiyo. Nduguye aliyebaki Goma na lisanse ya Kiingereza ya ISP, chuo cha ualimu, hayumo. Na hata akibahatika, diploma inadai mihuri ya Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500, vita vikiwa katikati.

Wapo wanaotaja Waswahili wa Oman kuonyesha kwamba inawezekana. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Aliwaita Waomani waliokuwa nje, na wale wa Zanzibar, wengi wao waliokimbia Mapinduzi ya 1964, wakaja na Kiingereza cha shule za mkoloni. Walipata kazi wizarani, kwenye mafuta, madarasani. Lakini walipokewa kwanza kwa nasaba, lugha ilifuata. Leo pasipoti ndiyo imeshika nafasi ya nasaba.

(Kifaransa je? Qatar iliingia Francophonie Oktoba 2012, tena kwenye mkutano wa Kinshasa. Ila huko Mkongomani anawakuta Watunisia na Walebanoni, ambao wana Kiarabu pia.)

Anayetaka kuondoka simlaumu. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure nchini Kongo mwaka 2019, prime, yaani pesa ambazo wazazi waliwalipa walimu, ilikoma, na walimu wengi wa N.U. (nouvelles unités, wasio bado kwenye malipo ya serikali) wakabaki wakingoja majina yao yatokee kwenye orodha ya mishahara. Mtu huyo huwezi kumhubiria uvumilivu. Ila kabla hajatoa dola amwulize wakala mambo mawili: mwajiri ni nani, na viza ni ya kazi au ya matembezi? Akijibiwa kwamba ya matembezi itageuzwa hukohuko, ajue ananunua tiketi, si kazi. Mwaka 2020 Qatar iliilegeza kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, mfanyakazi akaruhusiwa kubadili mwajiri bila idhini ya yule wa kwanza. Asiye na mwajiri wa kwanza sheria hiyo haimhusu.